Turubai Zuri la Mgombea

“Hilo baya silitaki, Mama. Nimeshasema mara tatu.”

“Nami nimesema mara nne ulichukue. Nimekuzidi kwa moja.”

Tulikuwa Muyinga, dukani kwa Husain, mimi na mwanangu Simoni, tumesimama kwenye kaunta bega kwa bega bila kutazamana. Mbele yetu yalikuwa maturubai mawili. La kwanza lilikuwa jembamba, rangi ya tope, lenye viraka viwili lilivyokuja navyo kutoka kiwandani. La pili lilikuwa zito, jeupe upande mmoja na kijani upande wa pili, lina pete za chuma pembeni kila baada ya hatua moja, na ukilikunja linatoa sauti ya kitu kilichoshiba.

Simoni alikuwa amelilalia lile la pili kwa kiwiko, kama mtu aliyepata kiti kwenye harusi.

“Madamu Imelda iko na haki,” Husain akasema. Familia ya Husain imeuza bidhaa Muyinga tangu kabla wazazi wetu hawajakimbia nchi. Iliuza tulipokuwa Tanzania, na tuliporudi tukaikuta inauza. Mtu kama huyo anajua watu wananunua nini, na wanachukua nini bila kununua. “Kijana, mi niko muuzaji, si kazi yangu kumukataza mutu kununua. Lakini sikiliza. Hii mzuri, iko mzuri sana. Hii mbaya hakuna mwizi ataigusa. Tangazo linataka turubai mbaya.”

“Husain!” mkewe Insiya akaita kutoka nyuma ya magunia ya sukari. “Unafukuza mteja?”

“Simufukuze, namuokoa!”

Simoni alitoa mfukoni kijitabu chake. Nilikuwa nimeshakichukia kijitabu kile kuliko ninavyochukia panya. Alikipata kwenye semina ya wagombea, siku mbili pale Gitega, chai na mkate na kanuni kumi na nane za tangazo la barabarani. Mwanangu alikuwa anagombea kiti kwenye baraza la serikali ya mtaa, komine ya Bugendana, mgombea huru, alama yake ndoo, kwa sababu sisi tuliorudi tulipewa viwanja juu ya mlima na maji yakabaki chini ya mlima. Shabaha yake ilikuwa nzuri. Kichwa chake ndicho kilichokuwa na kijitabu.

“Kanuni ya tano,” akasoma. “‘Tangazo litengenezwe kwa kitu imara na cha kuvutia, kwa sababu mpiga kura humpima mgombea kwa ubora wa tangazo lake.’ Mama, unataka nipimwe kwa hilo lenye viraka?”

Hapo ndipo nilipokosea, na nasema wazi kwamba kosa ni langu. Mimi nina stashahada ya ununuzi na ugavi kutoka chuo cha Tabora. Nina karakana ya mabango Gitega. Na juu ya hayo, tuliporudi nililala miaka miwili chini ya turubai nikisubiri kiwanja, nikajua thamani yake kila usiku wa mvua. Nilitakiwa kujua. Lakini mtoto alinitazama kwa macho yaleyale aliyonitazamia akiwa na miaka sita akitaka viatu vyenye taa, na mimi, mwanamke mzima mwenye stashahada, nikamwambia Husain afunge lile zuri.

“Mungu akusaidie, Madamu,” Husain akasema akilifunga kwa kamba. “Na kama watu watapenda, waambie nimebakiza mengine.”

Siku ya pili yake tulikuwa Gitega. Mchoraji wangu ni Mzee Egidius, aliyechora mabango ya sabuni, ya bia, ya chanjo na ya watakatifu, na anasema kwamba uso ni uso. Alitandika turubai kwenye sakafu ya karakana, akavua viatu, akatembea juu yake akiwa na ndoo za rangi. Baada ya siku tatu Simoni alikuwa amelala pale, mweupe wa meno, shati la buluu, tai nyekundu, ndoo upande wa kulia, na maneno matano yenye herufi kubwa kama milango: SIMONI. MAJI KARIBU NA NYUMBANI.

“Umenifanya mnene,” Simoni akasema.

“Nimekufanya mheshimiwa,” Egidius akajibu. “Wembamba wapo wengi huko mlimani.”

Kazi yangu ilikuwa imebaki moja. Nilichukua kisu nikapiga magoti penye shavu.

“Mama! Unafanya nini?”

“Natoboa. Upepo wa Bugendana ukikuta turubai zima unalichukua pamoja na nguzo. Unakata matundu madogo, ya nusu mwezi, upepo unapita. Kila bango linafanywa hivyo. Tena turubai lenye matundu hakuna anayelitaka nyumbani kwake.”

“Shavuni kwangu?”

“Shavuni, kwenye paji la uso, kwenye tai. Matundu kumi na mawili.”

“Mvua ikinyesha nitaonekana nalia!”

“Simoni, wewe ni mchoro.”

“Mimi ni mgombea! Venansi atasema uso wangu umeliwa na panya.” Venansi ndiye aliyekuwa mpinzani wake, mtu wa mlima uleule ambaye hakuwahi kukimbia na hakuacha kutukumbusha. “Kanuni ya tisa: ‘Picha ya mgombea isikatwe, isichanwe, isiharibiwe kwa namna yoyote.’ Soma mwenyewe.”

“Hiyo ni kwa wale wanaochana picha za wenzao.”

“Haijasema hivyo.”

Nikamtazama Egidius anisaidie. Egidius alikuwa anaosha brashi kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake. Nikaweka kisu chini. Kosa la pili.

La tatu lilikuwa urefu. Nilimwambia: barabara ya Bugendana ni barabara ya miguu. Gari linalopita ni lori la mihogo, na pikipiki ya padri. Wengine wote wanatembea, na wanatembea wamebeba. Mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani haangalii juu, maana akiangalia juu mkungu unaanguka. Anaangalia chini, anaona miguu yake na hatua tatu mbele. Litundike chini, nikasema, usawa wa kiuno, mahali wanapopumzika na kutua mizigo. Simoni akafungua kanuni ya tatu: “‘Tangazo liinuliwe juu ili magari yasilizuie.’”

“Magari gani?”

“Yatakuja. Nikichaguliwa.”

Basi tukachimba mashimo ya nguzo kwenye kona ya mlima, tukaliinua turubai mita nne juu. Simoni alisimama chini yake, shingo imepinda nyuma, akitabasamu na kujitabasamia. Kwa siku tatu nilikaa kwenye jiwe nikahesabu. Waliopanda na mizigo hawakumwona. Hata mmoja. Mmoja aligonga nguzo kwa mkungu akaomba radhi kwa nguzo. Walioshuka mikono mitupu ndio walioinua macho, na hao walisimama muda mrefu, wakaita wenzao, wakanyoosha vidole.

“Unaona?” Simoni akaninong’oneza. “Wananijadili.”

Nikasogea karibu nisikie.

“Hilo haliingizi maji,” mmoja alikuwa akisema.

“Angalia pete zake. Pete za chuma!”

“Na halijatobolewa hata mahali pamoja.”

Nilimrudia mwanangu nikamwambia kwamba, ndiyo, wanamjadili.

Siku ya tano tulikuta nguzo mbili zimesimama tupu. Kamba zilikuwa zimefunguliwa fundo kwa fundo, zikazungushwa vizuri, zikawekwa juu ya jiwe langu na kijiwe juu yake ili zisipeperuke.

“Ni siasa!” Simoni akapiga kelele. “Ni watu wa Venansi! Wameniogopa!”

“Mtu wa siasa angekata kamba,” nikasema. “Huyu ni mtu wa kilimo.”

Hatukutafuta mbali. Njia ya Bugendana inapita juu ya mgongo wa mlima, na nyumba za kijiji chetu ziko chini yake, kiasi kwamba ukitembea juu unaona ndani ya kila ua kama unavyoona ndani ya sahani. Na mwezi ule wa tano, maharage ya kwanza yalikuwa yameng’olewa, kila nyumba inatafuta mahali pakavu pa kuyaanika. Tuliona shati la buluu kwanza. Halafu ndoo. Halafu, katika ua wa Josefina, mtu mkubwa mwenye meno meupe amelala chali, na maharage mekundu yamemjaa mpaka kwenye nyusi.

Tulishuka mbio, Simoni mbele.

“Ah, Mama Simoni! Karibuni!” Josefina akasema, akiwa amesimama juu ya kidevu cha mwanangu, akiyageuza maharage kwa nyayo. Josefina tulirudi naye kwenye lori moja. Hana aibu, na sijawahi kumwona anaihitaji. “Karibu, mwenyekiti wetu! Unatusaidia kweli. Tangu asubuhi tu maharage yameanza kukauka, wala hayajashika udongo.”

“Mmeniiba!” Simoni akasema.

“Nani amekuiba? Tulikushusha. Ulikuwa kule juu siku nne, unafanya nini kule juu? Si ulisema wewe ni mtu wa watu?”

“Mmenikata!”

“Kwa haki. Ursula fundi cherehani alipima kwa futi, vipande tisa, nyumba tisa, hakuna aliyepunjwa. Na uso hatukuukata, tunamheshimu mama yako. Uso ni kipande kikubwa kidogo, tukapiga kura, nikashinda mimi.” Akageuza maharage, jicho la kushoto la Simoni likatokea. “Zuberi alipata sikio, akanuna.”

Simoni akataka kwenda polisi. Nikamshika mkono wa shati.

“Unataka kuwashtaki nyumba tisa? Wiki moja kabla ya kura? Na mashemeji wao, na wanakwaya wenzao, na waliorudi nao kwenye lori moja?”

“Ni wizi, Mama.”

“Ni wizi. Kaa chini unywe uji wa Josefina.”

Akakaa, akanywa, akiutazama uso wake jinsi unavyokanyagwa. Kila Josefina alipopitisha mguu kwenye pua, Simoni alikunja pua yake.

Sasa ndipo lilipotokea jambo ambalo kijitabu hakikulitaja. Kesho yake nilirudi kwenye jiwe langu, kwa mazoea tu. Wanawake walipanda na mikungu yao, macho chini, kama siku zote. Lakini walipofika kwenye mgongo wa mlima, macho yale yaliyoinama yaliangukia nyuani. Wakaona SIMONI kwa Christina, wakaona MAJI kwa Ursula, wakaona ndoo, wakaona tai. Wakatua mizigo. Wakaanza kucheka, halafu wakaanza kuulizana huyu ni nani, halafu Josefina kutoka chini akawajibu kwa sauti ya kuitia watu msibani kwamba ni mtoto wa Imelda, na kwamba ataleta bomba la maji juu ya mlima, na kwamba turubai lake ni imara kuliko yale tuliyopewa na Shirika la wakimbizi.

Kufikia Jumatano watu wa milima mitatu walikuwa wanamwita Simoni wa Maharage. Alipopita sokoni walimshika mkono. Mzee mmoja alitembea kutoka mbali kuja kuona kama kweli kuna mgombea aliyewatandikia wananchi uso wake waanikie chakula. Akarudi kwao akisifu unyenyekevu.

“Huo ndio mkakati wangu,” Simoni akamwambia mtu, mbele yangu. Nikamkanyaga mguu.

Tangu siku hiyo hakutaka tena polisi. Alianza kupita kila saa kumi alasiri, wakati wa kukusanya maharage, kuona kama uso umefunuliwa wote. Mara moja nilimkuta anamwomba Josefina asogeze ufagio, ulikuwa unamkata shingo.

Venansi naye alikuwa na matangazo: karatasi mia mbili, picha yake amevaa koti. Alizibandika kwenye kuta na mashina ya migomba kwa gundi ya unga wa muhogo, kama tunavyobandika vitu vyote huku. Mbuzi walizila. Walianzia chini, wakala koti, wakala shingo, wakaishia pale wasipofika, kwa hiyo kilima kizima kilikuwa na mapaji ya uso ya Venansi, safu kwa safu, yakikutazama bila macho. Mtu aliyefikishwa hapo huwa na hasira.

Jumamosi, siku ya mwisho ya kampeni, saa kumi alasiri, nikiwa kwa Josefina na Simoni, alikuja Bwana Matata. Matata ndiye aliyepewa kusimamia kampeni kwenye mlima wetu: kofia, kalamu mbili mfukoni, faili la plastiki. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akipewa karatasi anaifuata. Nyuma yake alikuwa Venansi, akitembea kwa upole wa mtu aliyeshinda kesi.

“Mgombea Simoni,” Matata akasema, akisoma. “Kuna malalamiko ya maandishi. Kampeni inafungwa leo saa kumi na mbili kamili. Baada ya hapo picha, majina na alama za wagombea zilizo mahali panapoonekana na wapita njia ziwe zimeondolewa au zimefunikwa. Mgombea ambaye zake zitaonekana, faili lake linapelekwa Gitega na jina linafutwa kwenye kura.”

“Linafutwa?” Simoni akauliza.

“Linafutwa.”

Simoni alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikakumbuka kwamba aliacha kufundisha ili agombee, kwamba alikuwa ameshatembea na fundi kuangalia chemchemi ya chini, na kwamba wanawake walewale wa juu ya njia walishuka kila alfajiri na ndoo, na Josefina miongoni mwao, na mgongo wake mbovu. Kichekesho kilikuwa kimefika mahali pake pa kukoma.

“Zimefunikwa,” Josefina akasema. “Huoni maharage?”

Matata akainama, akasukuma maharage kwa kalamu. “Jicho hili linaonekana.”

Josefina akalifunika kwa mguu.

“Sasa je?”

“Sasa linaonekana la kulia.”

“Na yeye akiyaingiza maharage ndani,” Venansi akasema kwa sauti ya kusaidia, “uso utaonekana wote. Tena angalia kule.” Akanyoosha kidole upande wa Karuzi. Wingu lilikuwa jeusi. Saa moja, pengine zaidi kidogo, kila mwanamke wa kijiji angezoa maharage yake akimbilie ndani, na mwanangu angebaki amelala nyuani tisa, safi, ameoshwa na mvua, anacheka.

Simoni akasimama. “Basi navichukua vipande vyangu. Ni mali yangu. Navikusanya vyote tisa, navipeleka Gitega.”

Josefina alikanyaga turubai kwa miguu yote miwili, akafunga mikono kifuani.

“Josefina, tafadhali, ni kura yangu!”

“Na haya ni maharage yangu. Chukua turubai lako, mwenyekiti. Kwanza nionyeshe nitakapoyaweka, kesho na keshokutwa, yakiwa na unyevu. Nikishayatupa yakiwa yameota, nitakuja kukupigia kura.”

Venansi akatabasamu. Hakuhitaji kufanya lolote zaidi. Tukichukua, tunapoteza nyumba tisa na wote wanaokula kwao. Tukiacha, tunafutwa.

“Bwana Matata,” nikasema, “hebu nisomee tena. Ziondolewe au?”

“Au zifunikwe.”

“Kufunikwa na nini?”

Akageuza karatasi, akatazama nyuma yake, akarudi mbele. “Haijasema.”

“Josefina, unasemaje kuhusu rangi?”

“Rangi gani?”

“Hiyo ya Egidius. Maharage yanalala juu ya rangi ya mafuta siku nne.”

Hapo uso wake ukabadilika. “Sikutaka kukwambia, Mama Simoni, kwa heshima. Jana nilipika. Chungu kizima kilinuka mwanao.”

“Upande wa pili ni wa kijani. Hauna rangi ya mtu, hauna harufu. Lilale uso chini, maharage juu ya kijani, mvua ikija unayafunika kwa ncha. Turubai libaki kwako.” Nikamgeukia Matata. “Uso ukitazama udongo, mpita njia anaona nini?”

Matata akafikiri. Nilimwona anafikiri. “Anaona kijani,” akasema.

“Hiyo si haki!” Venansi akasema.

“Andika malalamiko,” Matata akamwambia. “Ofisi inafungwa saa kumi na mbili.”

Nilidhani tumemaliza, lakini nilikuwa nimemsahau mwenye uso.

“Kifudifudi?” Simoni akasema. “Mama, kifudifudi udongoni? Mbele ya watu wote hawa?” Maana juu ya njia walikuwa wamejaa, mikungu imetuliwa, kama kwenye mpira. “Watasema nimejizika kabla ya kura. Venansi atahadithia mpaka nife. Wafunike kwa mikeka. Tutafute mikeka.”

“Mikeka tisa, kwa nyumba zisizo na mikeka, kabla ya mvua.”

“Basi majani ya migomba.”

“Upepo.”

“Mama, ni uso wangu.”

“Simoni.” Nilimshika kidevu, kile cha kweli, ambacho nilikuwa sijakishika hivyo tangu alipoota ndevu. “Huo wa chini aliutengeneza Egidius kwa siku tatu. Huu nilitengeneza mimi, kwa miezi tisa, na haukuwa na meno meupe kiasi hicho. Chagua unaotaka uingie barazani. Uchague sasa hivi, maana mimi nina umri wa kukusubiri lakini Bwana Matata ana saa.”

Alitazama juu, wale watu. Alitazama wingu. Alimtazama Josefina, ambaye tayari alikuwa ameleta vikapu viwili na kumwekea kimoja miguuni. Kisha akavua koti, akamkabidhi Venansi bila kuangalia anampa nani, na Venansi akalipokea bila kujua anapokea nini.

Akapiga magoti juu ya tai yake mwenyewe, akaanza kuzoa maharage kwa mikono miwili.

“Usiyavunje,” Josefina akasema.

“Siyavunji, Mama.”

Tulizoa kutoka kwenye paji la uso kushuka. Kikapu cha kwanza, cha pili, punje za pembeni Josefina aliziokota moja moja na kutuchelewesha makusudi. Simoni akashika ncha ya kaskazini, mimi ya kusini, tukahesabu tatu, uso ukainuka, ukawatazama watu wa juu kwa mara moja, wakapiga vigelegele, ukaangukia udongoni. Maharage yakarudi juu ya kijani. Matata akaandika alama kwenye faili.

“Moja,” akasema.

Tukaenda kwa Ursula, tukageuza MAJI. Tukaenda kwa Christina, aliyetaka kwanza tunywe uji, tukakataa, akakasirika, tukanywa huku tumesimama. Kipande cha ndoo kilikuwa kizito kwa sababu mwenye nyumba ile alikuwa ameanika na mihogo, na Simoni aliibeba yote, shati limejaa vumbi, akimwita kila mwanamke Mama na kila mwanamume Mzee, bila kijitabu. Kijitabu kilikuwa kwenye koti na koti lilikuwa kwa Venansi, aliyetufuata ua kwa ua akitafuta wa kumrudishia. Matone ya kwanza yalituangukia kwenye nyumba ya saba. Kwenye ya nane watu wa juu ya njia walikuwa wameshashuka kusaidia, na mmoja wao alitaka kujua kama bomba litafika pia upande wa Nyarusange.

“Usijibu,” nikamwambia Simoni. “Zoa.”

Zuberi tulimkuta mlangoni, bado amenuna, amekaa karibu na kipande chake chenye sikio la kushoto la Simoni, na maharage kidogo sana juu yake.

“Mmekuja kunipunguzia tena?” akauliza.

“Tumekuja kugeuza, Mzee,” Simoni akasema.

“Na nikikataa?”

Matata akatazama saa yake. Ilikuwa imebaki dakika tatu. Simoni hakubishana naye. Alipiga magoti kwenye tope, akakusanya maharage ya Zuberi kwenye kofia ya Matata, ambayo hakuiomba, akashika ncha moja ya turubai na kumpa Zuberi nyingine. Zuberi akaishika. Wakaligeuza. “Tisa,” Matata akasema, akaandika alama ya mwisho kwenye faili kabla saa haijafika.